Wiki sita chini ya sumaku: nilivyotibiwa sonona huku Uingereza. Uzi mrefu, maswali ruksa

Binti Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mwenye haraka apite, mwenye subira avute kiti.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mwaka wa kumi na moja sasa niko Sheffield. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu za usiku. Na nimeugua sonona, wengine huiita unyogovu. Sisemi mawazo ya kodi au ya mchumba. Nasema ile ya kukaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni nyingine mkononi, saa nzima inapita na huwazi chochote. Simu ya dada inaita unaiangalia tu kama inaita ya jirani.

Nilipewa dawa ya sertralini, miezi mitano, ikanipa kichefuchefu na nafuu kidogo. Nikabadilishiwa mirtazapini, nikanenepa, nikalala kama gogo, nikiamka niko palepale. Nimekaa na mtaalamu wa mazungumzo vikao kumi na viwili, mwanamke mwema sana, na nilitoka na mawili matatu ya maana. Lakini soksi ikarudi mkononi.

Ndipo nikapelekwa kwenye hii kitu inaitwa TMS. Tuseme uchocheaji wa ubongo kwa sumaku. Naandika kwa sababu dada amenitumia video ya WhatsApp inayosema Wazungu wamegundua kofia ya sumaku inayofuta kumbukumbu mbaya. Nimeivaa hiyo "kofia" mara 30, na kwanza sio kofia.

Siku ya kwanza unakalishwa kwenye kiti kama cha daktari wa meno. Unaulizwa maswali mengi ya chuma: una chuma kichwani? Kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni? Kifaa cha moyo? Uliwahi kupata degedege? Unakunywa kiasi gani? (Swali la pombe lisijibiwe kwa aibu, nitarudi hapo.) Unawekewa vizibo vya masikio. Kisha fundi wa mashine anachukua koili, yaani waya uliozungushwa, umbo lake kama namba nane iliyolazwa, ndani ya plastiki, ina mkia wa waya mnene kama bomba la maji. Anaigusisha juu ya kichwa upande wa kushoto, anabonyeza. TAK!

Kidole gumba changu cha kulia kikaruka.

Sikukirusha mimi. Kilikuwa kimetulia kwenye mkono wa kiti, kikaruka kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, kikatulia. Akasogeza koili kidogo, TAK, kikaruka tena. Nilicheka, na nilipocheka nikashtuka, maana sikukumbuka mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini. Maana ya zoezi lile ni kupata kipimo. Kila mtu ana fuvu lake na unene wake, kwa hiyo wanatafuta nguvu ndogo kabisa inayotosha kurusha kidole chako, na dozi yako inatoka hapo. Baadaye wanasogeza koili mbele, juu ya paji upande wa kushoto, na hapo ndipo matibabu yanapofanyika. Huko hakuna kidole kinachoruka. Unasikia tu kama mtu anakudonoa kwa ukucha, na nyusi inachezacheza.

Kuna aina mbili kuu. Ya zamani inapiga mapigo 3,000 kwa dakika 37 na nusu. Yangu ilikuwa mpya: mapigo 600 kwa dakika tatu na sekunde chache. Sekunde mbili inapiga trrrrrr kama cherehani, sekunde nane inanyamaza, mara ishirini, kwisha. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Kliniki iko mji mwingine, kwa hiyo nilikuwa natumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa ajili ya dakika tatu. Mhudumu wa treni alinizoea, akaanza kuniuliza habari za kazini. Sikuwahi kumwambia kuwa kazi yenyewe ni kudonolewa kichwa.

Wiki ya kwanza hakuna kitu, kichwa kinauma tu jioni. Wiki ya pili hakuna kitu. Wiki ya tatu nililia sana, bila sababu, kwenye duka la vyakula. Wiki ya nne ndiyo nataka kuwaambia.

Jikoni kwangu bomba lilikuwa linadondosha. Tangu miezi. Tone, tone, tone. Sikuwahi kulichukulia kama kero, lilikuwa tu linadondosha kama mimi nilivyokuwa naishi. Alhamisi moja nikaamka kutoka zamu, nikalisikia, nikakasirika. Nikakasirika kwelikweli, nikavaa viatu, nikaenda kununua washa ya bomba, nikarudi nikaifunga mwenyewe kwa spana ya kuazima. Nilipomaliza nikakaa chini jikoni palepale nikamwambia dada kwa simu, "Nimekasirika leo." Akaniuliza kwa nini nafurahia hasira.

Ndiyo ilivyoanza. Haikuwa furaha. Ilikuwa mambo kuanza kunihusu.

Kwa wanaopenda namba: kila wiki unajaza dodoso la maswali tisa, alama ni 0 hadi 27, kadiri inavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Niliingia na 22. Nimetoka na 8. Naendelea na dawa, sijaacha.

Karibuni.

---

Kibuyu

Siti ya mbele kabisa. Tunaomba mtu atushushie nondo: sumaku inaingiaje kwenye ubongo?

---

Fundi Redio

Kibuyu, hili ni langu, mimi ni mtu wa transfoma miaka ishirini.

Sumaku haitibu. Shikeni hilo kwanza. Sumaku ni daladala tu, abiria ni umeme. Michael Faraday mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku inapobadilika ghafla karibu na kitu kinachopitisha umeme, umeme unazaliwa ndani ya kile kitu. Transfoma ya mtaani kwako inafanya kazi hivyo, na simu inayochajiwa kwa kulazwa juu ya kisahani bila waya ni hivyohivyo. Koili mbili hazigusani, umeme unavuka.

Sasa ubongo una chumvichumvi na maji, unapitisha umeme. Ile mashine ina makapasita makubwa, yanajazwa, yanaachiwa kwa mpigo ndani ya koili, maelfu ya ampea kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sumaku inapanda na kushuka, na chini yake, sentimita mbili tatu ndani ya kichwa, umeme mdogo unazaliwa na neva zinashtuka. Ule mlio wa TAK ni waya za koili zinasukumana zenyewe kwa nguvu ya sumaku. Fuvu linazuia umeme sana lakini sumaku hailioni kabisa, inapita kama mwanga kwenye kioo. Ndiyo ujanja wote.

Na dada yupo mji wenyewe. Mashine ya kwanza ya aina hii iliyoweza kurusha mkono wa mtu kwa kupiga ubongo ilitengenezwa Sheffield, Anthony Barker na wenzake, mwaka 1985.

---

Binti Chumbageni

Fundi Redio umeniua. Miaka kumi na moja napita mitaa hiyo na sikujua! Mimi nilikwenda kutibiwa mji mwingine kumbe kitu kimezaliwa nyumbani.

---

Tajiri Mtarajiwa

Wapendwa kwa nini mteseke na Ulaya? Tiba ya sumaku tunayo hapahapa. Bangili ya sumaku inavuta chuma kilichopo kwenye damu, damu inazunguka vizuri hadi kwenye ubongo, msongo unaondoka. Pia tuna mashine ya kupima mwili mzima, unashika kijiti dakika moja tu inatoa majibu ya viungo vyote. Njoo PM upate punguzo.

---

Fundi Redio

Tajiri, nimeandika aya tatu hapo juu na hukuzisoma. Sumaku ISIYOBADILIKA haizalishi umeme wowote. Bangili imetulia mkononi mwa mtu kama maji mtungini. Haina pa kutoa shoti hata ya sisimizi.

Na chuma cha kwenye damu sio misumari. Kingekuwa kinavutwa na bangili, basi kila anayeingizwa kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, sumaku yenye nguvu mara nyingi kuliko bangili yako, angetoka amenata ukutani.

---

Kibuyu

Amenata ukutani 😂😂😂 Tajiri ameenda kunywa maji.

---

Wa Kisauni

Dadangu Binti, pole sana kwa yaliyokupata. Mie mamangu alipatwa na unyogovu baada ya mzee kufariki, mwaka wa pili huu. Kuna daktari alitaja matibabu ya umeme, mamangu akasema afadhali afe kuliko kufungwa kitandani apigwe shoti. Sasa hii yako na ile ya shoti, si ndiyo hiyohiyo imebadilishwa jina?

---

Nesi wa Zamu

Wa Kisauni, wewe na mama poleni. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, Tanzania, miaka kumi na minne wodini. Hapana, sio hiyohiyo.

Ile ya shoti ilianza Roma mwaka 1938. Lengo lake ni kumfanya mgonjwa apate degedege lililodhibitiwa. Siku hizi inafanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa na misuli imelegezwa, hasikii, harushwi kama kwenye sinema. Shida yake kubwa ni kumbukumbu, watu wengi husahau mambo ya wiki zile na wengine zaidi. Lakini niseme bila kuuma maneno: kwa mgonjwa aliyeacha kula, aliyeacha kusema, au anayetaka kujiua leo, hakuna kitu kinachofanya kazi haraka na kwa uhakika kama ile. Nimemwona mama mmoja aliyekuwa analishwa kwa mpira, baada ya mara ya nne akaniomba chai, akalalamika kuwa haina tangawizi. Kwa hiyo msimtishe mama nayo.

Hii ya sumaku ni nyingine. Mgonjwa yuko macho, hakuna usingizi, hakuna degedege linalotafutwa, anaondoka na miguu yake anaendesha gari. Degedege linaweza kutokea kwa bahati mbaya, lakini ni chini ya mtu mmoja kati ya 1,000. Hapa ndipo lile swali la pombe linaingia. Mlevi aliyeacha ghafla, ubongo wake uko karibu sana na degedege. Vivyo hivyo baadhi ya dawa. Akificha, anacheza na kichwa chake mwenyewe.

Na haifai kwa dharura. Inachukua wiki. Aliye ukingoni hana wiki.

---

Binti Chumbageni

Nesi asante, lile la tangawizi limenigusa.

Wa Kisauni, mimi nilikwenda na kurudi peke yangu siku zote thelathini. Siku moja nilitoka pale nikaenda kazini moja kwa moja. Kilichonisumbua ni ngozi ya kichwa kuuma wiki ya kwanza na kichwa kuwanga jioni, nilimeza panadoli. Basi. Ila kuna kisa cha nywele, nitakiweka hapa chini kwa ajili ya wanawake wenzangu.

---

Mzee wa Kijiweni

Mimi nitasema ukweli hata mkinichukia. Sonona ni ugonjwa wa ughaibuni. Mababu zetu walizika watoto, walipigwa na njaa, hakuna aliyekwenda kudonolewa na sumaku. Mtu akiwa na kazi, ndugu na sala, hana muda wa kukaa na soksi.

---

Binti Chumbageni

Mzee shikamoo. Kazi nilikuwa nayo. Sala nilikuwa nasali. Ndugu walikuwa wanapiga simu.

Kwetu Chumbageni alikuwepo mama mmoja jirani, mpishi wa shughuli zote za mtaa. Akaacha kupika. Akaacha kutoka. Watu wakasema kapoa, wengine wakasema ana jini, akapelekwa kwa huyu na yule. Alikaa barazani miaka minne akiangalia barabara. Hakuna aliyesema sonona kwa sababu hakuna aliyekuwa na neno, lakini mimi nilipokaa na ile soksi mkononi nilimkumbuka yeye, sikumkumbuka Mzungu yeyote.

---

Mzee wa Kijiweni

Marahaba mwanangu. Hilo la jirani nimelisikia. Nafuatilia.

---

Kibuyu

Mimi nimesoma mahali kuwa huko Marekani hii kitu inaponya asilimia 90 kwa siku TANO. Sasa kwa nini wewe wiki sita? Au Uingereza wamewabania?

---

Binti Chumbageni

Kibuyu nilitegemea swali hili, maana hata mimi niliwauliza kwa hasira.

Hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Stanford, timu ya Nolan Williams. Wanakupiga mara kumi kwa siku, kila mara dakika kumi, unapumzika dakika hamsini, siku tano mfululizo, na sehemu ya kupiga wanaitafuta kwa picha ya MRI ya ubongo wako mwenyewe. Hiyo asilimia 90 ilitoka kwenye kundi la watu 21, wakapata nafuu kamili 19. Walikuwa wanajua wanatibiwa, na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Baadaye wakafanya jaribio la haki zaidi, watu 29, nusu wakapewa koili ya uongo inayolia na kudonoa bila kupiga. Waliopigwa kweli bado walifanya vizuri sana, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu. Lakini ni watu 29, mkuu. Daladala moja imejaa.

Linganisha na haya. Jaribio la Marekani la mwaka 2010, wagonjwa 190, koili ya kweli dhidi ya ya uongo: waliopona kabisa ni asilimia 14 kwa ya kweli na 5 kwa ya uongo. Ni karibu mara tatu, ndiyo, lakini angalia waliobaki. Kisha Kanada mwaka 2018, wagonjwa 414, walilinganisha ile ya dakika 37 na yangu ya dakika tatu, zote zikatoka sawa: kama nusu ya watu walipata nafuu kubwa, na karibu theluthi walipona dalili. Pale hakukuwa na koili ya uongo, kwa hiyo ndani ya hiyo nusu kuna matumaini, kuna kuhudumiwa vizuri, kuna mengi.

Sasa hapa Uingereza walijaribu kitu kinachofanana na wazo la Stanford la kutafuta sehemu kwa MRI, kituo kikuu Nottingham, wagonjwa 255, matokeo yalitoka 2024. Kutafuta sehemu kwa picha ya namna ubongo wa mtu unavyowasiliana hakukushinda kulenga sehemu ya kawaida. Mimi nilipimwa kwa futi kamba ya fundi nguo, sikio hadi sikio, pua hadi kisogo, na wakachora alama kwa kalamu kwenye kofia ya kuogelea. (Haya, kofia ipo. Ila ni ya kuogelea.)

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema hivi: kwa watu ambao dawa mbili zimeshindwa, hii inawainua wengi kuliko dawa ya tatu inavyotarajiwa kuwainua. Haiwainui wote. Kwenye kiti cha kusubiri nilikuwa nakutana na kaka mmoja, tulianza wiki moja. Alimaliza vikao vyote thelathini na hakupata hata alama mbili. Alinipa mkono siku ya mwisho, akanipongeza. Namfikiria sana yule.

---

Nesi wa Zamu

Hapo kwa yule kaka umefanya la maana kuliko namba zote. Watu huja hapa kuelezea walivyopona tu.

Swali la kichokozi kidogo, dada, usikasirike. Mtu mwenye sonona anaambiwa aamke kila siku, aoge, apande treni, akutane na watu wanaomjua kwa jina, arudi. Wiki sita. Hiyo peke yake ni tiba, tunaifanya wodini bila mashine. Utajuaje kuwa ni sumaku?

---

Binti Chumbageni

Sijui, nesi, kwa mtu mmoja haijulikani, na ndiyo maana wanatumia koili ya uongo kwa watu mia mbili. Treni ilinisaidia, silikatai hilo. Yule mhudumu anastahili soda.

Lakini nikuambie. Mwaka uliopita nilijiandikisha kuogelea kila asubuhi kwa miezi miwili kwa ushauri wa yule mtaalamu wa mazungumzo. Nilitoka, niliogelea, nilikutana na watu. Bomba halikunikera.

---

Nesi wa Zamu

Nimelipokea hilo.

Sasa niseme langu kama mtu wa hapa nyumbani, maana najua baada ya uzi huu watu wataanza kuuliza lini mashine inaletwa hospitali ya Muhimbili au Mirembe. Mimi ningependa ije. Lakini mgonjwa wangu wa kawaida hajafika hata dawa ya kwanza. Amefika kwangu baada ya miaka mitatu ya kuzungushwa, ameandikiwa amitriptilini, akaimeza siku tisa, hakuona mabadiliko, akaacha. Hakuna aliyemwambia kuwa inahitaji wiki nne. Huyo hajashindwa na dawa. Hajaianza.

Zimbabwe kuna mradi wa daktari Dixon Chibanda, ulianza Harare mwaka 2006. Walichukua bibi wa mtaani, wahudumu wa afya wa jamii, wakawafundisha, wakawawekea benchi la mbao nje ya zahanati. Mtu anakuja anakaa na bibi, wanachambua tatizo moja moja. Hawakutumia neno la kigeni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ni kama sisi tunavyosema "ana mawazo". Mwaka 2016 walichapisha jaribio la watu 573, na waliokaa kwenye benchi walikuwa na hali nzuri wazi kabisa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Benchi na bibi. Koili moja ya Binti ingenunua mabenchi ya mkoa mzima.

---

Fundi Redio

Nesi, na umeme. Mashine ile ikiwa inajaza kapasita halafu Tanesco wafanye yao katikati ya pigo la 400...

---

Binti Chumbageni

😂 Fundi. Nesi uko sahihi, na mimi huku nililipiwa na serikali, sikutoa senti zaidi ya nauli. Ningekuwa Marekani bila bima ingekuwa maelfu ya dola.

Haya, kisa cha nywele kama nilivyoahidi.

Siku ya kupimwa nilikwenda na rasta kichwani, nene, za kufungia mwaka. Hakuna aliyeniambia lolote. Fundi wa mashine, kijana mpole, aliniuliza tu kama zina chuma. Nikasema hapana, ni nywele za bandia. Akapima juu ya rasta. Kidole kikachelewa kuruka, akaongeza nguvu, akaongeza, hadi kikaruka. Akaandika namba.

Mwisho wa wiki ya pili nikafumua rasta. Jumatatu nikaenda na nywele zangu fupi. Wakaniweka koili, nguvu ileile ya karatasi. Jamani! Kilichokuwa kinadonoa kwa ukucha sasa kikawa kinadonoa kwa patasi. Jicho la kushoto likafumba lenyewe. Nikanyoosha mkono asimamishe.

Fundi Redio ataeleza vizuri zaidi, lakini nguvu ya ile sumaku inapungua haraka mno kila milimita unapoiweka mbali na kichwa. Rasta zilikuwa zimeinua koili. Zilipotoka, koili ikashuka karibu na fuvu, nguvu ikawa imezidi. Ilibidi nipimwe upya kidole, na namba ikashuka sana. Kijana aliomba radhi hadi nikamwonea huruma. Akasema kwenye mafunzo yake hakuna aliyetaja rasta.

Kwa hiyo ikiwa uko nje na unakwenda kwenye hii tiba: nywele ulizopimwa nazo ndizo ukae nazo, au ukibadili useme upimwe tena. Bora zaidi fumua kabisa kabla ya siku ya kwanza, na toa pini. Nilikwenda kwa msusi wangu, dada wa Kikongo, nikamwambia sitasuka wiki nne kwa sababu ya sumaku. Aliniangalia, akasema kwa Kiswahili chake, "Yaya, sumaku gani tena?" Nilitumia saa mbili kumweleza, alinilipisha bei ya kunyoosha.

---

Fundi Redio

Umeeleza sawasawa. Ndiyo maana pia haifiki kwenye sehemu za ndani kabisa za ubongo kwa koili ya kawaida. Ukitaka ifike ndani, inabidi uongeze nguvu hadi huku juu kuungue mtu kwa maumivu. Kuna koili za umbo jingine zinazoingia ndani kiasi.

---

Nesi wa Zamu

Hizo za ndani FDA waliziruhusu mwaka 2018 kwa wale wenye mawazo yanayojirudia na kulazimika kufanya kitu kilekile, kunawa mikono mara hamsini, kukagua mlango usiku kucha. Mwaka 2020 wakaziruhusu kusaidia kuacha sigara. Kwa sonona, ruhusa ya kwanza ni ya Oktoba 2008. Nazitaja ili mtu akija kuwaambia inatibu usonji, usahaulifu wa wazee, nguvu za kiume na kisukari, mjue ametoka nje ya barabara.

---

Tajiri Mtarajiwa

Lakini wadau, bangili yetu haina madhara yoyote, haidonoi, na haihitaji kufumua nywele.

---

Kibuyu

Kwa hilo la kutodonoa Tajiri kasema kweli. Haifanyi kitu CHOCHOTE.

---

Wa Kisauni

Dada, nimemsomea mamangu uzi wote kwa sauti tangu magharibi. Pale pa bomba akaniambia soma tena. Nikasoma tena. Kisha akanyamaza, akasema hata yeye taa ya msalani imeungua tangu Ramadhani na haimkeri.

Sasa nataka kuuliza. Je, nguvu yake ikiisha, hali inarudi? Unapiga mara moja maisha?

---

Binti Chumbageni

Wa Kisauni, nimesimama kuandika hapa, subiri nifute macho.

Inaweza kurudi. Wengi hubaki na nafuu kwa miezi, wengine mwaka na zaidi, na ikirudi huwa wanapigwa tena, na aliyeitikia mara ya kwanza mara nyingi huitikia ya pili. Mimi nimemaliza miezi saba iliyopita. Mwezi jana kulikuwa na siku tatu ambazo soksi ilinichukua dakika kumi. Niliwapigia kliniki siku hiyohiyo, sikungoja. Wamenipa tarehe ya kuonwa. Ndiyo maana dawa sikuacha.

Mama usimwanzishie habari za sumaku. Umesema kuna daktari tayari anamwona. Rudi kwake, mwambie hii ya taa ya msalani kwa maneno yaleyale ya mama, usimtafsirie. Muulize mama ametumia dawa gani, kwa dozi gani, kwa wiki ngapi, na kama kuna mtu wa kuzungumza naye. Nesi atanisahihisha.

---

Nesi wa Zamu

Sina la kusahihisha. Ongeza moja: muulize mama, wewe mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili tu, kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo, msisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke hospitali siku hiyo.

---

Wa Kisauni

Nimemuuliza jana usiku. Mikono ilinitetemeka. Akasema alikuwa anawaza mwaka jana, siku hizi hapana, siku hizi amechoka tu. Akaniuliza mbona nimengoja miaka miwili kumuuliza.

Kliniki ni Jumatatu. Amekubali, kwa sharti kuwa asifungwe popote.

---

Binti Chumbageni

Mwambie Jumatatu ni kukaa kwenye kiti na kuongea tu. Aende na khanga yake anayoipenda. Na wewe kabla hamjatoka, badilisha ile taa.

---

Wa Kisauni

Nimeshanunua. Nimeiacha mezani, ikiwa kwenye boksi lake. Nangoja nione kama ataniambia niifunge.